Maziwa ya Lanarkshire: Somo la Kulinganisha kwa Haki

Katika kikao cha wazazi cha muhula uliopita liliulizwa swali ambalo halikupata jibu: je, uji wa saa nne unawasaidia watoto wetu katika masomo, au ni fedha inayokwenda bure? Mzazi mmoja alisimama akasema kwamba jambo hili halihitaji maneno mengi. Shule inayo orodha ya wanaolipia uji, na inayo orodha ya maksi za mtihani. Orodha mbili hizo zilinganishwe, na jibu litapatikana kabla ya jua kuchwa. Wengi walimpigia makofi. Mhariri wa gazeti letu ameniomba mimi, kwa kuwa ndimi nifundishaye Hisabati Kidato cha Tatu na cha Nne, nieleze kwa nini mpaka leo sijaileta hesabu hiyo.

Mzazi yule alisema jambo jema. Alitaka hesabu mahali pa kelele, nami siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Lakini hesabu ina tabia moja mbaya: hujibu swali lililoulizwa, wala haijali kama swali lenyewe lilikuwa na maana. Ukiipa orodha mbili zisizostahili kulinganishwa italinganisha, itakupa jibu lenye desimali mbili, na jibu hilo litaonekana la kweli kama jibu jingine lolote. Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, nawaomba twende polepole. Kuna watu wa nchi nyingine waliokwisha kuulizwa swali linalofanana sana na hili letu, wakalijibu kwa fedha nyingi na kwa watoto elfu ishirini, nao wakajikwaa. Lakini kabla ya kufika huko yafaa tupitie London.

Mwaka 1854 mji wa London ulipigwa na kipindupindu. Daktari mmoja, jina lake John Snow, alikuwa akiamini kwamba ugonjwa huo huletwa na maji machafu. Matabibu wengi wa siku zile walisema huletwa na hewa mbaya inukayo. Upande wa kusini wa mto Thames palikuwa na kampuni mbili zilizopeleka maji majumbani. Kampuni ya Southwark and Vauxhall ilivuta maji yake Battersea, mahali ambapo mto ulikuwa umekwisha kupokea uchafu wa mji. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuvutia maji mwaka 1852, ikapanda na mto mpaka Thames Ditton, ambako uchafu wa London haukufika. Katika nyumba za kampuni ya kwanza Snow alihesabu vifo 1,263. Katika nyumba za kampuni ya pili alihesabu vifo 98.

Mwanafunzi mwenye haraka atagawanya 1,263 kwa 98, aseme kwamba maji ya kampuni ya kwanza yaliua karibu mara 13 kuliko ya pili. Asubiri kidogo. Kampuni ya kwanza ilikuwa na nyumba 40,046, na ya pili nyumba 26,107. Penye nyumba nyingi pana watu wengi, na penye watu wengi hufa wengi hata kama maji ni safi. Basi na tugawanye vifo kwa nyumba, kisha tuzidishe kwa 10,000 ili tusisumbuke na desimali ndogo ndogo. Kampuni ya kwanza yapata vifo 315 kwa kila nyumba 10,000. Ya pili yapata 37 na nusu. Tofauti imeshuka kutoka mara 13 hadi mara 8 na kitu. Bado ni tofauti ya kutisha, lakini sasa tumeondoa ndani yake sehemu isiyohusu maji.

Jambo hilo la kugawanya kila mtu hulijua akikumbushwa. Hakuna mwalimu atakayesema mkondo wenye wanafunzi 52 ni bora kuliko wenye 31 kwa sababu tu waliofaulu ni wengi zaidi. Uzuri wa kazi ya Snow haupo hapo. Upo katika jambo ambalo wengi hulipita mbio. Mabomba ya kampuni zote mbili yalipita katika mitaa ile ile. Nyumba hii ilipata maji ya Lambeth, na jirani yake, ukuta kwa ukuta, alipata maji ya Southwark and Vauxhall. Matajiri walikuwamo huku na huku, na maskini vilevile. Nyumba kubwa na vibanda. Hewa wote walivuta moja. Wapangaji wengi hata hawakujua ni kampuni gani inayowaletea maji, kwa kuwa bili ililipwa na mwenye nyumba. Zaidi ya watu 300,000 waligawanywa namna hiyo bila ya wao kuchagua na bila ya mtu yeyote kuwachagulia kwa kuwatazama sura. Kwa hiyo aliyetaka kusema kwamba vifo vililetwa na hewa, au umaskini, au msongamano wa watu, ilimbidi aeleze vipi hewa hiyo ilijua kuchagua nyumba kwa bomba.

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Kugawanya kwa idadi ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Nusu ya pili ni kuuliza: watu hawa ninaowalinganisha, je, wanatofautiana kwa kitu kimoja tu, kile ninachokichunguza, au wanatofautiana kwa vitu vingine pia?

Mfano mdogo wa wale wa Jiografia. Kwa kila watu elfu, Japani hufa watu wengi zaidi kwa mwaka kuliko Tanzania. Tumekwisha kugawanya kwa idadi, tena kwa uangalifu. Je, Japani ni nchi ya hatari kuliko yetu? Sivyo hata kidogo; Mjapani hutarajiwa kuishi miaka mingi kuliko sisi. Ila Japani zaidi ya robo ya watu wote wana umri wa miaka 65 na kuendelea, na kwetu hawafiki hata watano katika kila mia. Nchi ya wazee hulinganishwa na nchi ya watoto, kisha twashangaa kwamba wazee hufa. Watakwimu hulinganisha wazee na wazee, vijana na vijana, wachanga na wachanga, na hapo ndipo hesabu hukaa sawa.

Sasa twende Lanarkshire. Hiyo ni sehemu ya Uskoti, nchi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma, na mwaka 1930 ilikuwa na watoto wengi waliokula kwa shida. Wakuu wa afya wa Uskoti walitaka kujua kama maziwa yakitolewa shuleni kila siku watoto watakua vizuri zaidi. Walitaka pia kujua kama maziwa mabichi yana nguvu kuliko maziwa yaliyopashwa moto ili kuua vijidudu. Wakachagua shule 67 na watoto elfu ishirini. Watoto elfu tano walipewa robo tatu ya painti ya maziwa mabichi kila siku ya shule, yaani kiasi cha mililita 426. Elfu tano wengine walipewa kiasi hicho hicho cha maziwa yaliyopashwa moto. Na elfu kumi hawakupewa kitu, ili wawe kundi la kulinganishia. Wote walipimwa uzito na urefu mwanzoni, katika mwezi wa Februari, na wakapimwa tena mwezi wa Juni. Sidhani kama shule yoyote ya siku zile ilipata kuona jaribio kubwa kuliko hilo.

Tena walianza vizuri. Nani apewe na nani asipewe iliamuliwa kwa kura au kwa kufuata alfabeti ya majina. Lakini waliongeza ruhusa moja. Ikiwa katika shule fulani kura imeleta watoto wengi mno waliolishwa vizuri upande mmoja, au wengi mno waliodhoofika, basi walimu wangeweza kubadilisha baadhi yao ili makundi yawe sawasawa zaidi.

Ruhusa hiyo yaonekana ya busara. Nimewauliza vijana wa Kidato cha Nne, na wengi wao waliona kwamba wangefanya vivyo hivyo. Lakini fikirini mwalimu wa Lanarkshire, asubuhi ya baridi, orodha mkononi. Mbele yake yupo mtoto mwembamba, mikono myembamba kama fito, ambaye kura imemwangusha upande wa wasiopewa. Karibu naye yupo mtoto wa mwenye duka, mashavu mekundu, ambaye kura imempa maziwa. Mwalimu ana ruhusa ya kubadilisha. Atafanya nini? Mimi ni mwalimu, nami najua ningefanya nini. Sijui kama ningemwita mtu huyo mwalimu kama asingefanya.

Basi walibadilisha, na hapana shaka walibadilisha kwa huruma. Dalili yake ikaonekana katika takwimu zenyewe. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya mtu yeyote kunywa hata tone, watoto wasiopewa maziwa walikuwa wazito na warefu kuliko wale watakaopewa. Tofauti yao ilikuwa kama ya ukuaji wa miezi mitatu katika uzito na miezi minne katika urefu. Katika watoto elfu ishirini waliogawanywa kwa kura safi tofauti kubwa namna hiyo haitokei kwa bahati tu. Huruma ya walimu iliwahamisha watoto wa maskini kwenda upande wa maziwa.

Aliyeyaona haya vizuri ni mtu mmoja aliyeitwa William Sealy Gosset. Yeye hakuwa mwalimu wala daktari. Alikuwa mtaalamu katika kiwanda cha bia cha Guinness, kule Dublin, ambako kazi yake ilikuwa kupima shayiri na kujua kwa hesabu aina ipi ni bora. Kwa sababu ya taratibu za kiwanda hakuandika kwa jina lake. Makala zake alizitia sahihi ya Student, maana yake Mwanafunzi. (Wanafunzi wetu na wafurahi: njia moja ya hesabu inayotumika duniani kote kupima tofauti za wastani, iliyotolewa mwaka 1908, inaitwa mpaka leo kwa jina hilo la Mwanafunzi.) Mwaka 1931 Gosset aliandika juu ya jaribio la Lanarkshire, akalichambua kwa adabu lakini bila kulionea haya.

Ripoti ya jaribio ilikuwa imesema kwamba watoto waliokunywa maziwa waliongezeka zaidi kwa uzito na kwa urefu. Gosset hakukataa kwamba maziwa ni mazuri. Aliuliza: mmejuaje? Akaonyesha jambo ambalo mimi nalipenda sana kwa sababu ni dogo na la kila siku, nalo ni nguo. Watoto walipimwa wakiwa wamevaa. Februari huko Uskoti ni baridi kali, na mtoto mwenye uwezo alipanda mizani na fulana, sweta na nguo nzito za sufu. Juni ni kiangazi, akapanda na nguo nyepesi. Tuseme mwili wake uliongezeka kilo moja, na nguo zake zikapungua nusu kilo. Mizani itasema ameongezeka nusu kilo tu. Sasa mtazameni mtoto wa maskini mwenye nguo zile zile Februari na Juni. Mwili wake nao umeongezeka kilo moja, na mizani itasema kilo moja kamili. Ukiwalinganisha utaandika kwamba maskini amekua mara mbili ya tajiri, kumbe kilichotofautiana ni sweta. Na kwa kuwa wengi wa maskini walikuwa upande wa maziwa, sweta ziliyasifia maziwa sifa ambazo huenda hayakustahili zote.

Yako na mengine. Mtoto aliyezoea njaa huenda akafaidika na kikombe cha maziwa kuliko mtoto aliyekwisha kunywa chai na mkate kwao. Kwa hiyo hata kama faida iliyoonekana ni ya kweli, ilikuwa faida ya watoto wenye njaa, wala haifai kutangazwa kwamba ndiyo faida ya kila mtoto. Na kuhusu swali la maziwa mabichi na yaliyopashwa moto, mpango ulikuwa mbaya zaidi, kwa maana kila shule ilipewa aina moja tu. Shule hii mabichi, shule ile yaliyopashwa moto. Anayelinganisha aina mbili za maziwa hapo analinganisha pia shule mbili, vijiji viwili, na wazazi wa namna mbili.

Gosset alipendekeza nini? Kwanza, watoto wapangwe wawili wawili katika shule ile ile: umri mmoja, wote wavulana au wote wasichana, kimo na uzito wa karibu, na hasa hali ya mwili iliyo karibu. Kisha kwa kila jozi irushwe sarafu, na sarafu peke yake iseme nani apewe. Sarafu haina huruma, na katika kazi hii moja hilo ndilo linalotakiwa. Pendekezo lake la pili ni la kushangaza zaidi. Alisema kwamba jozi 50 za mapacha wanaofanana kabisa, mmoja akipewa na mwenzake asipewe, zingeweza kutoa jibu la kuaminika kuliko watoto wote elfu ishirini, tena kwa gharama ndogo sana. Mapacha hao wamezaliwa siku moja, wana wazazi wamoja, wanalala nyumba moja, wanakula chungu kimoja, na sweta zao hununuliwa duka moja. Kila kitu kimekwisha kulinganishwa kabla ya mtafiti kufika. Watu hudhani kwamba utafiti wenye watu wengi ndio wa kweli. Wingi husaidia kuondoa bahati tu. Upendeleo hauondoki kwa wingi, bali hupata uzito wa kuonekana kama ukweli.

Nisije nikaeleweka vibaya: maziwa ya shule hayakukataliwa. Kwa sheria ya mwaka 1946 Uingereza ilianza kuwapa maziwa ya bure watoto wote wa shule walio chini ya miaka 18, na sababu za kumlisha mtoto mwenye njaa hazikuwa zikingoja takwimu. Lakini swali la kiasi gani cha maziwa humfaidia nani lilipaswa kujibiwa Lanarkshire, nalo halikujibiwa sawasawa.

Sasa na turudi kwenye orodha zetu mbili. Mtoto anayekunywa uji hapa shuleni ni yule ambaye kwao wamelipa mchango. Kwao wamelipa kwa sababu wanacho cha kulipa. Aghalabu nyumba hiyo ina taa ya kusomea, ina daftari la ziada, na mtoto hatumwi sokoni kila jioni. Asiyekunywa aghalabu ndiye yule atembeaye mwendo mrefu kuja shule, akafika amechoka kabla ya somo la kwanza. Nikiwalinganisha na kuona wanywaji wa uji wana maksi nyingi, nitakuwa nimepima uji, au taa, au mwendo wa miguu? Orodha haisemi. Na pia kuna jambo linalovuta upande wa pili. Walimu wa zamu, kama wenzao wa Lanarkshire, huwapa uji bila malipo watoto wanaoonekana kudhoofika. Hao wamo miongoni mwa wanywaji, na maksi zao huenda zikaushusha wastani. Upande mmoja uji utasifiwa bure, upande wa pili utasingiziwa. Anayedhani kwamba makosa mawili hayo yatafutana kwa usawa ana imani kubwa kuliko yangu.

Njia moja ya kupunguza ubaya ni kulinganisha walio karibu kwa walio karibu: wanaoishi mtaa mmoja, waliopata maksi sawa katika mtihani wa kuingia, wanaofundishwa na mwalimu mmoja. Hiyo ni njia nzuri, na vijana wanaofanya kazi za utafiti mwaka huu nawashauri waitumie. Lakini ina mpaka. Waweza kusawazisha yale tu yaliyoandikwa. Orodha yetu haina safu ya kuonyesha nani alilala na njaa jana.

Njia nyingine ni kumlinganisha mtoto na yeye mwenyewe: maksi zake kabla ya kuanza uji na maksi zake baadaye. Hapo umaskini na utajiri haviingii, maana mtu ni yule yule. Ila Lanarkshire imekwisha kutufundisha kwamba mtoto hukua hata asipopewa kitu. Na mtihani wa Juni huenda ukawa mgumu kuliko wa Machi. Mwanafunzi aliyetoka 48 akashuka 45 huenda amepanda kwa kweli, kama darasa zima limeshuka kutoka 50 hadi 40. Kwa hiyo tunachukua badiliko la kila mmoja, kisha tunalinganisha mabadiliko ya wanywaji na mabadiliko ya wasiokunywa katika mtihani ule ule. Hiyo ni hatua mbele. Kura ingekuwa bora zaidi.

Je, tupige kura, nusu ya watoto wanyimwe uji kwa ajili ya elimu ya takwimu? Sitatia mkono wangu katika karatasi ya namna hiyo, wala sidhani Mkuu wa Shule ataitia muhuri. Lakini majirani zetu wa Kenya wametuonyesha mlango mwingine. Mwaka 1998, katika wilaya ya Busia, mpango wa kuwapa watoto dawa za minyoo ulianzishwa katika shule za msingi 75. Haikuwezekana kuzifikia zote kwa mara moja. Basi shule ziliorodheshwa kwa alfabeti na kuhesabiwa moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, zikapatikana safu tatu za shule 25. Safu ya kwanza ilianza kupata dawa 1998, ya pili 1999, na ya tatu 2001. Hakuna shule iliyonyimwa. Zilingoja zamu tu, na zamu haikuletwa na umaskini wala utajiri. Wakati wa kungoja, zilizongoja zikawa kundi la kulinganishia. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer waliandika matokeo mwaka 2004, wakasema kwamba utoro ulipungua kwa kiasi cha robo katika shule zilizopewa dawa. Kremer alikuwa mmoja wa watatu walioshirikiana Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019 kwa kazi za namna hii.

Busia ilifundisha na jambo jingine ambalo mtu wa Lanarkshire asingeliwaza. Katika shule zilizopewa dawa, wasichana wa miaka 13 na zaidi hawakupewa, kwa hofu kwamba dawa ingeweza kumdhuru aliye mjamzito. Hata hivyo wale ambao hawakumeza dawa nao walionekana kupata nafuu, kwa sababu minyoo huambukizana, na wenzao walipopona mayai yalipungua katika udongo. Kama watafiti wangewalinganisha watoto mmoja mmoja ndani ya shule moja, wangeona waliomeza na wasiomeza wote wana nafuu, wakasema dawa haina kazi kubwa. Ndiyo maana walilinganisha shule na shule. Mwaka 2015 watafiti wengine walizipiga upya hesabu hizo, wakapata makosa, hasa katika sehemu iliyohusu faida kwa shule jirani zilizo mbali kidogo. Pakazuka ubishi mkali baina ya wataalamu. Hilo liliwezekana kwa kuwa wenyewe walitoa takwimu zao zitazamwe na kila mtu, jambo ambalo si wote hulifanya.

Na sisi tuna minyoo yetu, nayo ni kikombe. Mwenye uji humgawia rafiki yake. Nimewaona kila siku chini ya mwembe. Nawapongeza kwa utu huo, lakini aliyeandikwa kwenye orodha kwamba hanywi, anakunywa. Kwa hiyo ikitokea siku moja kamati ikapata fedha ya kuwapa uji wanafunzi wote bila malipo, na fedha hiyo isitoshe kuanza na wote, ningeshauri zamu ipangwe kwa kura, tena kura ya mikondo, si ya mtoto mmoja mmoja. Lakini mikondo ya kidato kimoja ni minne tu. Kura ya mikondo minne ni kama kurusha sarafu mara nne: huenda mikondo miwili bora yote ikaangukia upande mmoja, na hatutajua kama ni uji au ni bahati. Ingefaa shule kadhaa za wilaya ziungane. Nimekwisha kuzungumza na walimu wa shule mbili za jirani, nao wameliona jambo hili kuwa la kufaa.

Swali la kujipima, kwa wanafunzi na kwa mzazi yeyote apendaye. Takwimu hizi nimezitunga mwenyewe. Shule ya Mlimani ilipeleka watahiniwa 100. Kati yao 80 hukaa bweni, na 64 wa hao walifaulu. 20 ni wa kutwa, na 8 wa hao walifaulu. Shule ya Bondeni nayo ilipeleka 100. Kati yao 20 hukaa bweni, na 18 wa hao walifaulu. 80 ni wa kutwa, na 40 wa hao walifaulu. Gazeti la mji limeandika kwamba Mlimani imefaulisha 72 kwa mia na Bondeni 58 kwa mia, na wazazi wanaanza kuwahamisha watoto kutoka Bondeni. Piga hesabu ya wa bweni peke yao na ya wa kutwa peke yao katika kila shule, kisha umwandikie mzazi mmoja wa Bondeni barua isiyozidi ukurasa mmoja. Barua ziwekwe katika sanduku la Idara ya Hisabati kabla ya siku ya kufunga shule. Mbili zilizo bora zitachapishwa katika toleo lijalo.